Tumbo Lililoimbiwa

Wiki jana tulimwacha Kalunde chali kwenye kitanda chembamba cha hospitali ya misheni, leso imeshushwa mpaka nyongani, mafuta baridi yamepakwa tumboni. Kaluki, yule binti wa picha, alikuwa amesimamisha mkono ghafla na kuuliza, "Mama, ni nani alikuambia uko na mimba?"

Mwalimu mmoja wa Kibwezi ameniandikia barua ya kurasa mbili akinilaumu kwa kukatiza hapo. Pole, mwalimu. Wewe ulingoja siku saba ukiwa na chai mkononi. Kalunde alikuwa amengoja miezi kumi na moja.

"Hakuna mtu aliniambia," Kalunde alijibu. "Tumbo yenyewe iliniambia."

"Sasa ni miezi ngapi?"

"Kumi na moja."

Kaluki hakucheka. Aligeuza ile televisheni ndogo ili mama aone. Mashine ilikuwa na miaka miwili tu pale misheni, na watu wa Kitui walikuwa bado wanabishana kama ni eksirei au ni redio.

"Angalia hii nyeusi. Hii ni maji."

"Maji gani?"

"Ile nilikuambia ukunywe."

Kalunde alikuwa amekunywa vikombe vitano vizima, kwa aibu. Kwao Nuu, mwezi wa tisa, maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto, na mtu hanywi vikombe vitano huku wengine wanamtazama. Alikuwa amemwomba Kaluki yale ya mwisho amtilie kwenye chupa aende nayo nyumbani. Kaluki alimwambia hapana, lazima kibofu kijae, ndipo kilicho nyuma yake kionekane.

"Sasa nyuma ya maji ni mfuko wa uzazi," Kaluki aliendelea. "Na hii mviringo, unaiona?"

"Kichwa!"

"Aiee, mwaitu. Kichwa ya mtoto huwa na moyo karibu, na moyo hupiga. Hapa hakuna kitu inapiga. Ona, hii ni moja, kubwa kama papai. Hii ya pili. Na ya tatu hii ndogo. Ni uvimbe. Madaktari wanaita faibroidi. Si kansa. Wanawake wengi wanayo na hawajui. Lakini si mtoto."

"Na ile inacheza usiku?"

"Ni matumbo tu, mama. Ni hewa."

Kaluki alinyoosha mkono azime mashine. Kalunde akamshika.

"Usizime bado."

Alitazama yale mawe matatu ya kijivu kwa muda. Nitakuambia kwa nini, msomaji, maana Kaluki hakujua. Tangu mwezi wa sita Kalunde alikuwa anaishi peke yake, na kila jioni alikuwa akiliambia lile tumbo habari za siku. Mbuzi mwenye pembe moja amezaa. Mama wa duka ameuliza habari yako. Upepo umeng'oa bati la jikoni, lakini baba yako akija atalipigilia. Kumbe alikuwa anaongea na nyama. Mimi ninaandika hadithi kwa kazi, na hapo nilishindwa kuandika nikatoka nje kidogo.

Kwa ajili ya waliojiunga nasi leo, nieleze upesi. Kalunde ana miaka thelathini na saba. Mumewe, Nzomo, ni fundi wa malori pale Salama, na nyumbani huja kama mvua ya Nuu. Walikaa miaka kumi na miwili bila mtoto. Ndipo Kalunde akafanya walivyofanya nyanya zake: alipeleka mbuzi Kasikeu, kwa wazazi wa msichana aitwaye Mumbua, akamwoa. Ndiyo, alimwoa yeye Kalunde. Wakamba humwita mwanamke huyo iweto. Anaolewa na mwanamke asiyezaa ili azae kwa niaba yake, na watoto ni wa nyumba ya yule aliyetoa mbuzi. Mumbua akazaa mvulana na Nzomo. Akapewa jina la baba mzazi wa Nzomo, Mutie. Mutie alimwita Kalunde mwaitu, yaani mama yangu, na aliyemzaa akimwita Mumbua tu, kwa jina, kama dada.

Kisha tumbo la Kalunde likaanza kujaa. Kanisani wakaimba Jumapili nzima. Mchungaji akasema Mungu amejibu, sasa yule mwanamke wa mila ana kazi gani katika nyumba ya Mkristo? Na Kalunde wetu, ambaye hakuwahi kuimbiwa na mtu maisha yake yote, akamtoa Mumbua na mtoto. Wakarudi Kasikeu. Waswahili walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Walisema, lakini nani husikia akiwa anaimbiwa?

Basi. Turudi hospitalini, siku ni Jumatatu.

Daktari Oluoch alikuwa mpasuaji wa kuzunguka. Alifika pale misheni mara moja kila miezi mitatu, Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa alfajiri gari lilimchukua. Mtu mwema, mwenye haraka. Alishika ile picha ndogo nyeusi mbele ya dirisha, akabonyeza tumbo, akafunua kope za Kalunde akaona weupe mtupu.

"Unatokwa na damu nyingi, mama?"

Kalunde aliinamisha uso. Hilo hata wamama wa kanisa hakuwa amewaambia. "Kila mwezi. Siku kumi, kumi na mbili."

"Na bado ulifikiria uko na mimba?"

"Nilifikiria mtoto anajiosha."

Daktari alimtazama, akavuta fomu. "Ukirudi Nuu hivi, hiyo damu itaendelea mpaka siku moja uanguke kisimani. Lazima tufanye operesheni. Watoto uko nao wangapi?"

"Mmoja."

"Jina?"

"Mutie."

"Miaka?"

"Minne."

"Alizaliwa vizuri, bila shida?"

"Vizuri sana. Alilia mara moja."

Daktari akaandika. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya jibu moja tu, na jibu alikuwa amepewa. "Basi uko na mtoto, Mungu ametenda. Sitahangaika kuchokora uvimbe mmoja mmoja. Nitatoa mfuko wote, Alhamisi, na hautasumbuka tena. Weka kidole hapa."

Kalunde hakusoma. Aliona mtu mwenye koti jeupe, akaona wino. Akaweka kidole gumba.

Nataka mnielewe, maana najua kuna watakaosema alidanganya. Hakudanganya hata neno moja. Kwa sheria ya kwao, Mutie ni mtoto wake, na mzee yeyote wa Nuu angeapa hivyo mbele ya chifu. Ni fomu tu iliyotoka mahali ambapo hawajui kuoa.

Jumanne asubuhi Kaluki alikuja wodini kunakili kadi. Alikuwa binti mwenye maswali yasiyokwisha.

"Mama, huyu Mutie alinyonya mpaka lini?"

"Miaka miwili. Alikuwa mkali, alimuuma Mumbua mpaka akalia."

Kalamu ikasimama. "Alimuuma nani?"

"Mumbua."

"Mumbua ni nani?"

"Ni bibi yangu."

Kitanda cha pili, mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa akimuuguza binti yake aligeuza kichwa. Aliitwa Istahil. Ukoo wake ulinunua mbuzi kutoka Mwingi mpaka Nuu, na Kiswahili chake alikipatia sokoni.

"Walahi, mimi nasikia vizuri? Mama iko na bibi?"

Kaluki alikuwa ameshaketi ukingoni mwa kitanda, uso umebadilika. Nyanya yake mwenyewe kule Kitui alikuwa na iweto. Kaluki alilelewa na hao wawili na hakuona ajabu. "Mwaitu, sikiza. Wewe mwenyewe, na tumbo hii, umewahi kuzaa?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nilikuwa nimemshika mgongo Mumbua. Hiyo ndiyo kuzaa nimewahi."

Kaluki alitoka mbio, kadi mkononi. Sauti yake na ya daktari zilisikika kutoka veranda.

"Mwanamke ameoa mwanamke?" daktari alikuwa akiuliza. "Kaluki, mimi nimetoka kwa ziwa, usinichezee asubuhi."

"Daktari, kwetu inafanyika. Mtoto ni wake kwa mila. Kwa mwili hajazaa. Ukitoa hiyo mfuko unatoa kila kitu."

Daktari akaingia wodini, akavuta kiti, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akaketi.

"Mama, jana hatukuelewana. Kosa ni la sisi wote wawili. Unataka kuzaa?"

Kalunde alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anataka kula. "Daktari, nimekuwa nikitaka tangu nikiwa na miaka ishirini na moja."

"Kwa hiyo picha, uvimbe mkubwa uko juu, kwa ukuta wa nje. Naweza kutoa uvimbe peke yake na niache mfuko. Sikuahidi mtoto. Umri umeenda. Nafasi ni ndogo, lakini iko."

Msomaji, Kalunde alicheka. Tangu aingie hospitalini ndiyo mara ya kwanza. Mkono ukaenda tumboni wenyewe.

"Ngoja," daktari akasema. "Operesheni hiyo inavuja damu sana, na wewe damu yako iko chini. Hapa hakuna benki ya damu. Nataka watu wawili wa kukutolea, watoe kabla ya Alhamisi saa mbili asubuhi. Nikikosa, nitafanya ile ya kwanza, nitoe yote haraka, nifunge. Sitakuua kwa sababu ya mtoto hajaumbwa. Karatasi ni mbili sasa. Ile ya jana na hii mpya. Uko na watu?"

Kalunde akaanza kuwahesabu watu wake.

Wamama wa kanisa? Walikuwa wamekuja hadi tumbo likafika miezi tisa, na uji na nyimbo. Mwezi wa kumi walipungua. Wa kumi na moja walianza kupita kando ya njia, na mmoja alisikika akisema mimba ya aina hiyo si ya kuombewa, ni ya kukemewa. Aliposafiri kuja Kitui hakuna aliyemsindikiza hata hadi barabarani.

"Niko na bwana," alisema mwishowe. "Iko Salama."

Hapo Istahil aliinuka. "Mtoto ya ndugu yangu, Shire, leo napeleka mbuzi Mombasa. Salama ni njia yake. Wewe sema maneno, yeye atafikisha. Na mimi mwenyewe, wacha wanipime damu. Damu haina kabila."

Alipimwa. Damu yake haikulingana na ya Kalunde. Istahil alimgombeza yule wa maabara kwa dakika kumi, kana kwamba ni yeye aliyeiharibu.

Shire alikuja dirishani, kijana mrefu mwenye funguo za lori kidoleni. Kalunde alimpa maneno ya kumfikishia Nzomo. Shire alipogeuka kuondoka, akamwita tena.

"Na kama yeye hataweza," alisema polepole, "Kasikeu haiko mbali na Salama. Uliza nyumba ya mzee Ndululu. Iko na msichana anaitwa Mumbua. Mwambie Kalunde yuko hospitali."

"Nimwambie nini kingine?"

"Hiyo tu. Kingine sina haki."

Jumatano ilikuwa ndefu. Saa za kuona wagonjwa zilipofika, kila kitanda kilizungukwa na watu, vyombo, watoto, vicheko. Kitanda cha Kalunde kilikuwa na kiti kimoja kitupu, mpaka mtu wa kitanda cha mbele akaja akakiazima. Hakuomba ruhusa, maana ilionekana wazi hakina kazi. Kalunde akajifanya amelala.

Saa tisa alasiri alisikia sauti ya Shire kwenye veranda. Aliketi haraka, akafunga kitambaa vizuri.

"Bwana yako nimeona," Shire alisema. Hakupenda kusema yaliyofuata, na ilionekana. "Amesema iko na lori mbili mbovu mpaka Jumatatu. Amesema pole."

"Amesema pole?"

"Pole sana."

"Na lori yako ya Mombasa?"

"Utingo amepeleka. Mimi nilirudi na gari ya rafiki, kwa sababu kulikuwa na mtu ya kuleta."

Akasogea kando ya mlango.

Mumbua alisimama pale, sweta ya kijani ya mwanamume imemfika magotini, leso mbili zimezungushwa juu yake, kikapu mkononi. Alikuwa peke yake. Kalunde alitazama nyuma yake, chini, mahali ambapo kichwa cha mtoto wa miaka minne kingekuwa. Hapakuwa na mtu.

"Mutie?"

"Nimemwacha kwa mama yangu."

"Ananiuliza?"

"Alikuwa anakuuliza," Mumbua alisema. "Ameacha."

Zamani Mumbua alimwita Kalunde mwaitu. Sasa alisimama mbali na kitanda na hakumwita kitu.

"Karibu, ukae," Kalunde alisema, kisha akakumbuka kiti kimeazimwa. "Kaa hapa kitandani."

"Nitasimama. Huyu Shire ameniambia unataka damu. Nimekuja kutoa. Nikimaliza narudi Kasikeu."

"Mumbua, nilikukosea."

"Najua."

"Hakukuwa na mtoto. Ilikuwa uvimbe."

Hilo halikuwa limemfikia. Mumbua aliweka kikapu chini. Alilitazama lile tumbo, tumbo lililomfukuza yeye na mwanawe, na usoni mwake yakapita mambo mengi ambayo sitayataja yote. Furaha haikuwemo.

"Sasa hiyo damu ni ya nini?"

Kalunde akamweleza yote, karatasi ya kwanza na ya pili. Hakuficha. Angeficha ingekuwa rahisi zaidi.

"Kwa hivyo mimi nikitoa damu," Mumbua alisema, "wewe utabaki na mfuko, na Mungu akipenda utazaa."

"Akipenda."

"Na ukizaa wako, Mutie atakuwa nani?"

"Atakuwa wa kwanza."

"Ulisema hivyo mbele ya wazee siku ya mbuzi. Halafu mchungaji alisema neno moja." Mumbua hakupaza sauti. "Sikujia hiyo. Siku yangu ya kuzaa ulinishika mgongo kutoka asubuhi mpaka jua ikaenda, na haukuniacha hata kwenda choo. Ni hiyo tu nakuja kulipa. Maabara iko wapi?"

Kaluki ndiye aliyempeleka. Kalunde alijaribu kubaki kitandani, akashindwa. Alijikokota nyuma yao, mkono ukutani, akaketi kwenye benchi la nje. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo.

Habari njema ilikuja kwanza: damu ya Mumbua ililingana. Kalunde alimsikia yule wa maabara akisema, akamshukuru Mungu kwa Kikamba, kwa sauti. Mmoja amepatikana, na Shire alikuwa tayari amekunja mkono wa shati ili apimwe naye. Mungu si Athumani!

Kisha akamsikia Kaluki.

"Damu yako ya mwezi uliona lini mwisho?"

"Juzi."

"Juzi gani?"

Kiti kilisikika kikisogezwa.

"Dada, mimi natazama matumbo kutoka asubuhi mpaka jioni. Umeketi ukishikilia chini ya sweta. Kuja upande wa picha."

"Toa damu kwanza. Toa tu, mimi niende. Sitaki ajue."

"Siwezi kutoa damu yako nikiwa na wasiwasi. Panda hapo."

Sitaki ajue. Kalunde alilisikia hilo akiwa kwenye benchi. Alifikiria ugonjwa. Alifikiria labda Mumbua naye ana mawe kama yake. Alisukuma mlango wa chumba cha picha bila kubisha.

Mumbua alikuwa amelala pale pale, kitanda kile kile chembamba. Sweta imepandishwa. Tumbo dogo, la mviringo, lililofichwa vizuri chini ya leso mbili. Mashine ilikuwa inavuma.

Kwenye televisheni hapakuwa na mawe. Palikuwa na kitu kilichojikunja, kichwa kikubwa, uti wa mgongo kama shanga zilizotungwa. Na katikati yake kulikuwa na kitu kidogo kikipiga, kikipiga, bila kupumzika.

Hakuna aliyemweleza Kalunde ni nini. Alikuwa ameshafundishwa Jumatatu.

"Ni ya muda gani?" aliuliza.

Kaluki alipima kichwa mara mbili, akitumaini pengine hesabu itamwonea mtu huruma. "Wiki ishirini na mbili. Miezi mitano na kitu."

Kalunde alihesabu kwa vidole, kurudi nyuma. Wa nane, wa saba, wa sita, wa tano. Mwezi wa tano Nzomo alikuja nyumbani siku tatu, sikukuu ya wafanyakazi. Kalunde mwenyewe ndiye aliyemwambia akalale nyumba ya Mumbua, kwa kuwa yeye ana mzigo na hataki kusumbuliwa. Na Mumbua alifukuzwa mwisho wa mwezi wa sita.

Kwa hiyo kulikuwa na matumbo mawili pale nyumbani, msomaji. Lililoimbiwa kanisani lilikuwa na uvimbe. Lililotupwa barabarani na kikapu lilikuwa na mtoto.

"Ulijua?" Kalunde aliuliza. "Siku ile, ulikuwa unajua?"

Mumbua alikuwa ametazama ukutani. "Nilijua wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nimetoka kisimani, nakuja kukuambia wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote. Nilifikiria utafurahi, tutazaa pamoja. Nikapata vitu vyangu nje ya mlango."

Kalunde aliketi sakafuni. Hakuanguka, aliketi tu. Hakulia pia. Alikuwa mwanamke mpweke kuliko wote Kitui na Makueni, na upweke huo alikuwa ameujenga kwa mikono yake miwili, huku wengine wakimpigia makofi. Ninasema hivyo bila kumhukumu. Namhurumia mpaka leo.

Mlangoni akatokea daktari Oluoch, karatasi mbili mkononi na kidau cha wino. "Kaluki, nimeambiwa damu imepatikana. Iko?"

Kaluki alionyesha televisheni kwa kidevu. Daktari akatazama, akapumua kwa nguvu. "Huyo haguswi. Na yule kijana?"

Kutoka maabara Istahil alikuwa tayari anasikika akigomba upya. Damu ya Shire nayo ilikuwa imekataa.

"Basi tuko na mpaka kesho saa mbili," daktari alisema kwa upole. "Tutafute. Kuna walimu hapa shuleni, kuna..."

"Daktari, usitafute."

Kalunde alikuwa amesimama. Alifika kwa daktari hatua tatu, akachukua karatasi zote mbili, akaziangalia kana kwamba anajua kusoma. "Ya kutoa yote ni gani?"

"Mama, hiyo uliweka kidole bila kuelewa. Nilikuwa nataka kuichoma."

"Sasa naelewa. Ni gani?"

Daktari akaionyesha, bila kupenda.

"Nataka kuweka tena, nikielewa. Toa yote." Alikuwa anamtazama Mumbua, si daktari. "Nikibaki na mfuko, kila mwezi nitangoja. Kila mtu ataona nangoja. Mutie pia ataona. Mimi sitaki kungoja tena. Uandike hapo kwa ile nafasi ya watoto. Watoto wangu ni wawili."

Akachovya kidole gumba katika wino.

Kaluki akasema, "Mwaitu, fikiria kwanza." Daktari akasema kitu kwa Kiingereza. Kalunde hakuwasikia. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelipa, na sasa anangoja kufunguliwa mlango.

Kidole kilikuwa hakijagusa karatasi Mumbua alipoteremka kitandani, mafuta yakimtiririka tumboni, akamkamata kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu za mtu wa kubeba maji. Kidole kikabaki juu, kinadondoka wino sakafuni.

"Unaniwekea kidole mimi pia?" Mumbua alisema. "Mwaitu, haujaniuliza kama nitarudi."